Kamati imevunjwa, picha bado ninazo

Shikamoo Mzee Studio,

Mimi ni mpigapicha wa kujitegemea hapa Moshi, umri miaka 31. Nilianza na picha za pasipoti kwenye kibanda karibu na stendi, nikaingia kwenye komunyo, vipaimara na mahafali, na sasa ni mwaka wa saba nakula kwa harusi. Kamera yangu ni Canon 6D, niliinunua Kariakoo kwa milioni mbili, imeshatumika. Mwajiri sina. Wiki yenye shughuli nyumbani tunakula vizuri, wiki isiyo na shughuli nakaa nafuta lenzi ambazo hazina vumbi.

Desemba iliyopita, wakati Wachaga wamerudi nyumbani na kila kona kuna turubai, nilipata kazi mbili za watu walewale. Kwanza sendofu ya binti, sherehe ya kwao ya kumuaga kabla ya harusi, tukapatana 500,000. Baba yake alinipa zote kwenye bahasha siku ileile, ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, hata haijakatwa. Wiki iliyofuata, Jumamosi ya baada ya Krismasi, ikawa harusi yenyewe, iliyokuwa mikononi mwa kamati ya upande wa bwana harusi. Picha za mnato na video 900,000. Wakatanguliza 400,000, na salio wakasema nitapewa "shughuli ikiisha". Nikakubali. Tulikubaliana pia kwamba nikabidhi kila kitu kwa pamoja, sendofu na harusi, albamu moja na flashi moja ya kuhifadhia picha.

Shughuli ikaisha. Mhazini akasema nisubiri ahadi za michango ziingie. Nikasubiri. Mwisho wa Januari nikaona kwenye WhatsApp ya mjumbe mmoja wako baa, mbuzi mzima mezani, wameandika "Tunavunja kamati, Mungu ametenda". Nikampigia mhazini palepale, nasikia muziki nyuma yake. Akaniambia, "Kaka, kamati si ndiyo hii inavunjwa, sasa nani akulipe? Ongea na maharusi." Maharusi nao wakasema wao walijua kamati imemaliza kila kitu.

Basi nikazuia picha. Zote. Nikawaambia bila salio hakuna picha. Diski nikaificha kabatini, chini ya mashuka.

Mwezi wa tano, saa kumi na moja alfajiri, bibi harusi alinipigia. Baba yake alikuwa amefariki usiku. Picha walizokuwa nazo ni za zamani, na ile ya kitambulisho, ambayo hata marehemu mwenyewe alikuwa akiicheka. Akaomba ile niliyompiga kwenye sendofu, alipovua kofia akacheka huku binti akimlisha keki. Mzee, nilisema, "Pole sana dada." Halafu nikasema, "Lakini na lile salio..." Neno lilinitoka kabla sijalifikiri. Akanyamaza. Nikasikia watu wanalia nyuma yake, kisha simu ikakatwa.

Picha niliituma baada ya saa moja, lakini kaka yake alikuwa ameshaniandikia: "Kumbe wewe unafanya biashara na maiti." Siku ya mazishi nilipita njia ya kwao nikaiona kwenye bango. Watu wa steshenari walimkata mzee wakambandika juu ya mawingu ya bluu, sikio moja limeliwa.

Sasa familia inataka picha zote. Mama yangu anasema nizitoe upesi, vitu vya marehemu havizuiwi. Mke wangu anasema tunadaiwa kodi ya miezi miwili na mwenye nyumba hapokei huruma. Maneno ya yule kaka yamesambaa, wateja wawili wa mwezi wa nane hawapokei tena simu zangu. Shemeji yangu ana duka la vifaa vya ujenzi, anataka mtu wa kukaa kaunta. Nilipoanza kazi hii nilitaka kuwa kama yule mpigapicha maarufu, Mohamed Amin. Leo nashindwa hata kuiwasha kamera. Nizitoe? Mimi ni mtu mbaya? Niende kwa shemeji?

Mpigapicha, Moshi


Mzee Studio anajibu:

Marahaba, mwanangu. Kabla ya lolote, inuka, fungua kabati, toa hiyo diski chini ya mashuka uinakili. Azima diski ya pili hata kwa jirani. Tangu Januari umekuwa ukiwabana watu kwa kitu ambacho mtoto akivuta shuka kikaanguka kwenye sakafu ya saruji, kimekwisha. Siku hiyo wewe ndiye ungekuwa mdaiwa, na deni lako lisingelipika kwa 500,000. Barua hii itakusubiri.

Umemaliza? Haya.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu ndipo nilipoliona jambo ulilolipita mbio. Umeandika kwamba baba wa binti alikulipa sendofu yote, kwa bahasha, kabla ndafu haijakatwa. Halafu umeandika kwamba picha aliyoiomba binti ni ya sendofu. Sasa nikuulize: salio gani ulilokuwa unamkumbusha alfajiri ile? Picha ile ilishalipwa tangu Desemba, na aliyeilipa ndiye aliyekuwa amelala mochwari. Katika watu wote wa shughuli zile mbili, marehemu peke yake ndiye aliyekulipa vizuri, na picha zake ndizo ulizozifungia.

Najua hukufanya kwa ubaya. Mlipatana albamu moja na flashi moja, na kazi mbili zikageuka furushi moja kichwani mwako. Deni la kamati likaingia kwenye mfuko wa mzee wa watu. Kosa lako lilizaliwa pale, siku ya mapatano, kabla hujapiga hata picha moja. Kwa hiyo swali lako la kwanza jibu lake ni fupi: picha zote za sendofu zitoke wiki hii. Hizo si zako kuzizuia.

Hilo la biashara na maiti lisikutafune kupita kiasi. Fundi wa jeneza analipwa. Mwenye maturubai na viti analipwa, mpishi wa msibani analipwa, hata hao steshenari waliomla mzee sikio walilipwa kabla ya wino kukauka, na hakuna aliyewatukana. Yule kaka alikuwa na uchungu, akatupa jiwe lililokuwa karibu. Kulipwa hakuna aibu. Aibu ilikuwa kudai mara ya pili kitu kilicholipwa, na kukidai saa ile.

Mimi mwenyewe siwezi kukuhukumu, na sababu nitakupa.

Studio yangu ilikuwa Tanga, Ngamiani, enzi za filamu. Ukuta wa nyuma nilichorewa minazi na bahari, na Sikukuu ya Idi watoto walipanga foleni mpaka nje na miwani yao myeusi ya plastiki. Utaratibu ulikuwa mmoja: unalipa nusu, unapewa risiti, picha zikishasafishwa unarudi na nusu nyingine. Wengi hawakurudi. Picha zao niliziweka kwenye sanduku chini ya meza, kila bahasha na namba yake. Sikumpa mtu picha bila nusu ya pili, hata nikilia naye shida. Nilijiona mfanyabiashara makini.

Zilipokuja mashine za kusafisha picha za rangi, nikahitaji nafasi, nikalichoma lile sanduku uani. Miaka zaidi ya kumi ya bahasha. Miezi michache baadaye akaja mama mmoja, akafungua fundo la kanga, akatoa risiti iliyochakaa mpaka imekuwa laini kama kitambaa. Mwanawe alipigwa picha pale akiwa shule ya msingi. Kijana alikuwa amefariki, na nyumbani hakukuwa na picha yake hata moja. Salio kwenye risiti lilikuwa shilingi kumi, na alikuwa ameishika noti mkononi, kubwa kuliko deni. Nilimwambia ngoja nitafute. Nikaingia chumba cha giza, nikafunga mlango, nikakaa humo kama robo saa sitafuti chochote.

Sikumbuki nilimwambia nini nilipotoka.

Wenzetu wa Zanzibar walikuwa na akili zaidi. Pale Mji Mkongwe kuna Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na mwanawe akaiendeleza. Walitunza negativu. Mpaka leo mtu anaingia, anaziona kuta zimejaa Zanzibar ya babu yake, na anaondoka na nakala aliyoinunua. Yaani hata kwa jicho la pesa tu, picha iliyotunzwa ni mali, na iliyofichwa chini ya mashuka inangoja ajali. Bei ya picha haitulii. Januari ile picha ya kofia ilikuwa moja kati ya mia kadhaa, pengine hata kwenye albamu usingeiweka. Mwezi wa tano ikawa haina bei. Wewe ulikuwa bado unaipima kwa kipimo cha Januari.

Tuje kwenye 500,000 zako, maana hizo ni halali yako na sitaki uzisamehe kwa sababu ya aibu. Mke wako yuko sahihi kuhusu kodi, kama mama yako alivyo sahihi kuhusu marehemu. Wanazungumzia picha mbili tofauti.

Aliyekukodi ni kamati ya bwana harusi. Kamati ikivunjwa, watu wake hawavunjiki. Mwenyekiti yupo, mhazini yupo, na bila shaka ujumbe wa mapatano upo kwenye simu yako pamoja na muamala wa zile 400,000. Piga picha za ujumbe huo, uzihifadhi. Kisha mwandikie mwenyekiti, achana na mhazini, kwa heshima na kwa tarehe: nilifanya kazi hii, nikalipwa hiki, kimebaki hiki, naomba kabla ya tarehe fulani. Mwite bwana harusi pia, mkae ana kwa ana. Yeye ni mtu mzima, picha ni zake, na mtu aliyeshindwa 500,000 kwa mkupuo anaweza 100,000 kila mwezi. Wakikukatalia wote, Mahakama ya Mwanzo inapokea madai ya namna hiyo, na mara nyingi barua inayoitaja inatosha kuwakumbusha watu ule mbuzi wa baa.

Picha za harusi zenyewe: zile za kanisani ambazo mzee yumo, anamsindikiza binti, anapeana mikono na wakwe, zitoe pamoja na za sendofu. Zilizobaki, keki, maharusi bustanini, kamati wakicheza na sare zao, hizo unaweza kuzishikilia mpaka bwana harusi atoe hata sehemu. Wapo watakaokwambia uachie zote. Mimi sisemi hivyo, nina kumbukumbu ya kodi ya pango.

Lakini nataka uelewe kwa nini yamekukuta wewe na hayakumkuta mpishi. Angalia shughuli yoyote. Ukumbi haufunguliwi bila hela. Mpambaji hafungi kitambaa bila hela. Mshereheshaji analipwa maiki ikiwa bado mkononi, na mpishi ana sufuria, akiondoka nazo harusi imelala njaa. Wote hao kazi yao inaisha watu wakiwa bado wamekaa. Yako ndiyo kwanza inaanza. Wao wamelala, wewe uko kwenye laptopu saa nane usiku unachagua kati ya picha 4,000 ipi bibi harusi hajafumba macho. Unapomaliza, turubai limeshakunjwa na kila mtu ameshasahau alichoahidi. "Shughuli ikiisha" kwa mpigapicha ni tarehe isiyokuwepo kwenye kalenda.

Kwa hiyo kuanzia sasa nusu siku ya kukubaliana, na nusu ya pili kabla ya siku ya shughuli. Sisemi wiki moja kabla, hata siku mbili zinatosha, ila iwe kabla. Andika karatasi moja tu, isiyo na Kiswahili cha wakili: shughuli gani, bei gani, nani kwa jina lake atalipa, picha zitatoka lini. Shughuli mbili, karatasi mbili. Wenye kamati watanung'unika, watasema wewe unajifanya nani. Waulize kama ukumbi wameukopa.

Na bei yenyewe uiangalie. Niliuliza vijana wanaojua mashine hizi za siku hizi, wakaniambia shata ya hiyo 6D, yaani lile pazia la ndani linalofunguka kila unapopiga picha, Canon wameikadiria kufunguka mara 100,000. Wewe sendofu na harusi, tuseme umepiga 4,000. Basi kamera nzima ni kazi 25 za namna hiyo. Milioni mbili ukiigawa kwa 25 unapata 80,000, ambayo inakatika kwenye kamera kila unaporudi nyumbani na kusema nimeingiza. Na hapo nimekupendelea, maana yako ulikuta imeshapigiwa harusi za watu wengine. Bado bodaboda, bado msaidizi, bado umeme. Ndugu akikwambia "nipigie tu, si ni kubonyeza", mpe hesabu hiyo bila kumkasirikia. Wengi hawajui. Sisi wa filamu tulikuwa na nafuu kidogo: mkanda una picha 36, mteja anausikia ukizungushwa, anajua kitu kinaisha.

Mohamed Amin uliyemtaja, kampuni yake ya picha, Camerapix, aliianzisha Dar es Salaam mwaka 1963, kijana wa kama miaka ishirini, hajaajiriwa na mtu. Watu wanamkumbuka kwa njaa ya Ethiopia ya 1984 na picha zake za televisheni zilizozunguka dunia. Mwaka 1991 alipoteza mkono katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, akarudi kazini. Mimi ninachokipenda zaidi kwake ni kwamba alijua kuuza. Alipiga waliokuwa wanakufa, akalipwa, na picha hizo zikawafikishia wengine chakula. Sasa wewe unaogopa kulipwa kwa kupiga picha za keki.

Kwa shemeji usiende bado. Kama ungeniandikia kwamba picha zimekuchosha, ningekwambia nenda, saruji ina faida na wateja wake hawalii. Lakini mtu aliyepita barabarani siku ya mazishi akaona sikio limeliwa, akaumia, huyo bado ni mpigapicha. Wale wateja wawili wa mwezi wa nane watumie ujumbe mmoja mfupi kwamba uko tayari kuwaeleza, kisha nyamaza. Moshi ni mji mdogo, habari ya kwamba umezileta picha itafika kwao bila nauli.

Bibi harusi usimpigie, mwandikie kwanza. Ukikosa maneno, chukua haya:

"Dada, pole tena kwa msiba. Siku ile nilitaja pesa, na haikuwa haki, kwa sababu sendofu yako baba alishanilipa yote kwa mkono wake. Picha zote za sendofu nazileta Jumamosi, pamoja na za kanisani alizomo. Deni la harusi ni langu na kamati, nitalifuata huko. Kama kuna saa nzuri ya kufika, niambie."

Usiongeze kitu. Yule kaka asipokusalimia utakapofika, msalimie wewe.

Na ile ya kofia, ichape kubwa, karatasi nzuri, kwa hela yako, umpe mjane mkononi. Rangi usiibadilishe, mikunjo ya shavu usiiondoe, na nyuma yake acha kila kitu kilichokuwepo, turubai, viti vya plastiki, hata yule mtoto aliyepita. Sikio liwepo. Wakikukaribisha mbege, kaa unywe, begi la kamera uliache kwenye pikipiki.